Nyasi ya kivulini: jinsi ya kuitambua Oplismenus na kuiotesha chini ya miti ya nyumbani

Ukoka haupendi kivuli. Masika yakikaribia watu hununua ukoka kwa magunia, wanaupanda kuanzia getini hadi chini ya mwembe, wanamwagilia kila jioni, na kiangazi kikiingia chini ya mwembe panabaki udongo mtupu na mizizi iliyotokeza. Hapo lawama huanza: ukoka ulikuwa mbovu, mtunza bustani mvivu, mwembe una sumu. Mwembe unasingiziwa. Nyasi ya jua imepelekwa gizani, ikafa, basi.

Wakati huohuo misitu yetu imejaa nyasi ambazo kivulini ndiko kwao. Ninayotaka kuieleza hapa ni Oplismenus hirtellus. Kama umewahi kutembea kwenye njia za msitu wa Karura, Kakamega, Amani kule Usambara Mashariki, au Budongo nchini Uganda, huenda umeshaikanyaga. Ni nyasi fupi yenye majani mapana, inayotambaa kandokando ya njia, na ndiyo inayokuachia vijipunje vinavyonata kwenye soksi na suruali. Shambani huota chini ya migomba na mibuni, na mkulima akiiona anaing'oa kama gugu jingine lolote.

Tutaanza kwa kuifahamu, kwa macho na kwa lenzi, mpaka usiichanganye na nyingine. Kisha tutaipanda pale ambapo ukoka umegoma. Niseme mapema kwamba haitakupa uwanja wa watoto kuchezea mpira. Itafunika ardhi, itazuia udongo usichukuliwe na maji, na itakuwa kijani wakati pengine pote pamekauka. Kama unataka uwanja wa mpira, kata mti. Mimi nisingekata.

Kwa nini yenyewe inaweza

Ukoka, mahindi, miwa na mtama vinatengeneza chakula kwa njia ambayo wanasayansi huiita C4. Ndani ya jani kuna hatua ya ziada ya kukusanya hewa ukaa na kuirundika sehemu moja kabla haijageuzwa sukari, na hatua hiyo inakula nishati. Kwenye jua kali na joto gharama inarudi na faida juu yake. Kivulini, ambako nishati yenyewe ni ya kuokoteza, gharama hiyo ni mzigo. Oplismenus hutumia njia ya kawaida, C3, ile ya mpunga, ngano na karibu miti yote. Kinachovutia ni kwamba kiukoo iko upande wa uwele na nyasi ya ginea, ambako C4 imejaa, lakini yenyewe imebaki na njia ya zamani.

Hata hivyo C3 peke yake haitoshi. Mpunga ni C3 na bado unadai jua. Umbo la jani ndilo linalomalizia kazi. Majani ya Oplismenus ni mapana kwa urefu wake, ni mepesi, na yamelala karibu sambamba na ardhi, yakiwa yamepangwa kwa safu mbili, moja kushoto na moja kulia kwa shina, ili hili lisilifunike lile. Nyasi za mbugani hufanya kinyume: majani membamba yaliyosimama wima, kwa kuwa mwanga upo tele na tatizo lao ni ukame.

Hatua ya kwanza: pima kivuli chako

Kivuli cha mnazi si kivuli cha mfenesi. Chini ya mnazi jua linapenya na kuhama kutwa nzima. Chini ya mfenesi au mwembe uliokomaa pamefungwa. Kabla ya kutafuta miche, jua una kivuli cha aina gani.

Nenda mahali unapotaka kupanda siku ya jua, saa sita mchana. Inama, nyosha mkono, kiganja kiwe kiasi cha sentimita 30 juu ya ardhi, kisha tazama kivuli chake chini. Ukiona vidole vyote vinahesabika na kingo zake ni kali, hapo ni juani. Panda ukoka na uache kusoma mwongozo huu. Kama kivuli cha mkono kipo lakini kingo zimefifia, una kivuli cha wastani, na hapo ndipo Oplismenus hustawi vizuri zaidi. Kama unakibahatisha kivuli chenyewe, pana giza zito. Itaishi, lakini itakuwa nyepesi na ardhi itaonekana katikati yake. Rudia saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, maana jua la pembeni huingia chini ya matawi na kubadilisha hesabu.

Msituni kuna giza zaidi ya unavyodhani. Chini ya miti iliyofunga kabisa, mwanga unaofika ardhini mara nyingi ni asilimia 1 au 2 tu ya ule unaopiga vileleni. Nyasi za huko hujazia kwa vidoa vya jua vinavyopita kwenye upenyo wa majani, kimoja kikidumu dakika chache, kingine sekunde tu. Mti wa nyumbani haufikii giza hilo isipokuwa umeachwa miaka mingi bila kupogolewa. Ukiona umefikia, punguza matawi ya chini kwanza. Matawi mawili matatu tu yanabadilisha kila kitu.

Walio mwambao, kwenye mchanga na upepo wa chumvi, wana mbadala mwingine mzuri chini ya minazi: Stenotaphrum dimidiatum, nyasi ya kutambaa yenye majani manene yaliyo butu nchani na shina bapa. Inavumilia kivuli chepesi, na inavumilia miguu kuliko hii. Oplismenus inataka udongo wenye mboji na unyevu.

Hatua ya pili: chutama uitazame

Nyasi hazitambuliki ukiwa umesimama. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, sindano, na karatasi nyeupe ya kuwekea vipande. Lenzi ya simu nayo inafaa ukiwa na mwanga.

Anza na shina. Ni jembamba, milimita 1 hivi au 2, na sehemu kubwa yake imelala chini. Livute taratibu utaona linashikilia: kwenye kila kifundo kinachogusa udongo kumetoka mizizi myembamba, kwa hiyo mmea mmoja unaweza kuwa na nanga sehemu kumi. Ncha za shina ndizo zinazonyanyuka na kubeba masuke, na ni nadra kufika gotini. Vifundo vyenyewe mara nyingi vina vinyweleo, na rangi ya zambarau kidogo.

Panda na shina mpaka kwenye ala, ile sehemu ya chini ya jani inayolizunguka shina kabla bapa, yaani sehemu pana ya jani, halijaanza. Ukingo wake wa nje una vinyweleo. Fungua kidogo mahali ala inapokutana na bapa. Ndani pana kilimi, kiwambo chenye urefu wa milimita moja hivi, na juu yake ukingo wa vinyweleo vifupi. Watu wengi hukiruka kilimi kwa sababu ni kidogo, na ni bahati mbaya, maana mtu anayesoma nyasi hukitegemea sana.

Sasa jani. Lina umbo la ncha ya mkuki, mara nyingi sentimita 3 hadi 12 kwa urefu na milimita 5 hadi 20 kwa upana. Liweke juu ya karatasi nyeupe utazame mwanzo wake, pale linapoungana na ala. Pande mbili za mshipa wa kati hazilingani: upande mmoja ni mpana zaidi na unaanzia chini kidogo kuliko mwenzake. Ukishaliona hilo mara moja huwezi kulikosa tena. Kisha linyanyue uliangalie kwa pembeni, mwanga ukiwa nyuma yake. Mara nyingi uso una mawimbi madogo yanayokatiza jani kwa upana, hasa karibu na kingo. Mawimbi yanazidi kwenye mimea mingine na kwingine hayapo kabisa, kwa hiyo usiyafanye ushahidi wa pekee.

Suke ndilo linalomaliza ubishi. Lina uti mmoja wa kati, na kutoka kwenye uti huo vinatoka vitawi vifupi, vichache tu, mara nyingi kati ya vitatu na kumi, vya chini vikiwa virefu kuliko vya juu. Kitawi hakizidi sentimita 3 hivi, na vingi ni vifupi zaidi ya hapo, mpaka vinaonekana ni vifungu vya vishuke (vijisehemu vidogo vinavyobeba maua na mbegu) vilivyosongamana. Vishuke vimepangwa upande mmoja wa kitawi. Kila kimoja kina urefu wa milimita 3 hivi.

Kibandue kimoja kwa sindano ukiweke kwenye karatasi. Kwa nje kina makapi mawili, na makapi haya yana ndevu. Ndevu ya kapi la chini ndiyo ndefu kuliko zote, na inaweza kupita sentimita moja, yaani mara tatu au nne ya kishuke chenyewe. Rangi yake huelekea zambarau. Ikiwa mbegu zimekomaa, utaona kwenye lenzi ndevu zinang'aa kwa gundi. Hiyo ndiyo iliyokushika soksi. Mbegu haina mbawa, haina nyama ya kuvutia ndege. Inangoja paka, mbwa, swala au suruali ipite, inajibandika, inasafiri. Ndani ya makapi kuna maua mawili: la chini ni tupu au la kiume, la juu ndilo linalotoa mbegu. Mpangilio huohuo utaukuta kwenye ukoo wake wote wa karibu, kuanzia uwele hadi nyasi ya ginea.

Ukiwahi asubuhi wakati maua yamefunguka, utaona pia vitu viwili vyenye manyoya ya zambarau vinachungulia kwenye kishuke. Hizo ni stigma, zinazodaka chavua inayopeperushwa na upepo. Chini ya miti upepo ni mdogo, lakini inatosha.

Hatua ya tatu: usidanganyike na zinazofanana

Anayekosea mara nyingi huanza na kongwe, ule mmea wa maua ya buluu unaotambaa kwenye bustani zenye maji. Jani linafanana ukiwa mbali. Lakini kongwe ina shina nono lenye maji, ukilivunja linateleza mkononi, na ua lake ni ua kweli, lenye petali. Oplismenus ni nyasi, shina lake ni kavu na gumu kidogo.

Ndago haisumbui sana. Zungusha shina lake la ua kati ya vidole utahisi pembe tatu.

Inayosumbua kwelikweli ni Pseudechinolaena polystachya. Inaishi msitu uleule, inatambaa vilevile, jani lina ukubwa uleule, na nayo hujibandika kwenye nguo. Ikiwa haina masuke, hata mtu aliyezoea anasita. Ikiwa nayo, tazama ndevu: haina. Badala yake kishuke kilichokomaa kimeota vinyweleo vigumu vyenye ncha za ndoana, na kwa kuvitumia hivyo hushika. Gundi ni Oplismenus, ndoana ni Pseudechinolaena. Shika hilo na umemaliza sehemu ngumu.

Setaria megaphylla utaikuta pembezoni mwa msitu na kando ya vijito. Majani yake ni makubwa, marefu kuliko mkono, na yana mikunjo ya kwenda na urefu kama sketi ya shule iliyotoka kupigwa pasi. Shina lake linaweza kupita mita 2. Hii ni C4, na bado inavumilia kivuli, jambo linaloonyesha kwamba kanuni niliyoeleza juu ina watundu wake. Kwa mwenye kiwanja kikubwa chenye bonde inafaa sana kushikilia kingo za kijito, lakini chini ya mwembe wa uani itakuwa kichaka.

Ndani ya msitu mnene zaidi kuna Leptaspis, ambayo majani yake hujipindua, upande wa chini ukatazama juu. Ukiiona, ifurahie uiache.

Halafu kuna ndugu zake wa damu. Oplismenus compositus ina vitawi virefu zaidi kwenye suke, na vishuke vimeachana kiasi cha kuona uti kati yao. Oplismenus burmannii ni ya msimu mmoja, na ndevu zake zina vimiiba vidogo vya kukwaruza badala ya gundi. Ile yenye mawimbi mengi kwenye jani, undulatifolius, wataalamu wengine huihesabu spishi kamili na wengine huiweka ndani ya hirtellus kama nususpishi. Kwa kazi ya kufunika ardhi nyumbani, hirtellus na compositus zote mbili zinafaa, kwa hiyo usikose usingizi. Burmannii achana nayo: ikikauka inakuachia udongo mtupu uleule uliokuwa unaukimbia.

Hatua ya nne: kama unataka uhakika, tengeneza sampuli

Hatua hii ni kwa wanafunzi, walimu na wale wenye udadisi. Anayetaka kupanda tu aende hatua ya tano.

Chukua kipande kizima: shina la kutambaa lenye mizizi, majani kadhaa, na suke lililokomaa pamoja na lingine linalochanua. Picha ya jani peke yake haimsaidii mtaalamu. Kilaze kwenye gazeti siku hiyohiyo, maana majani haya ni mepesi na yanajikunja ndani ya saa moja. Geuza jani moja upande wa chini ili pande zote mbili zionekane. Weka gazeti kati ya kadibodi, kandamiza kwa vitabu vizito au mbao na kamba, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka yasiwe na unyevu. Msimu wa mvua hilo ni muhimu, vinginevyo ukungu unakutangulia.

Kwenye kikaratasi andika mahali, tarehe, mwinuko kama simu yako inauonyesha, aina ya kivuli, mimea mingine iliyokuwepo, na rangi ya ndevu na stigma, kwa kuwa rangi ndiyo hupotea kwanza ikikauka. Jina lenyewe huandikwa Oplismenus hirtellus (L.) P.Beauv. Herufi ile ya kwanza ni Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliyeieleza mwaka 1759 akaiweka kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Panicum. Wa pili ni Palisot de Beauvois, Mfaransa aliyekusanya mimea Afrika Magharibi, ambaye ndiye aliyeihamishia jenasi iliyopo sasa.

Sampuli hiyo unaweza kuilinganisha na zilizohifadhiwa kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Tanzania iko Hebaria ya Taifa mjini Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uganda iko Makerere. Kenya iko Hebaria ya Afrika Mashariki, kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Hii ya Nairobi ilizaliwa Amani mwaka 1902, enzi za Wajerumani, na ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Maelezo ya kitaalamu ya nyasi za Kenya, Uganda na Tanzania yamo kwenye Flora of Tropical East Africa, ambayo sehemu zake za nyasi zilitoka kati ya 1970 na 1982.

Hatua ya tano: pata miche bila kuingia matatani

Usiende kung'oa kwenye msitu wa hifadhi. Inahitaji kibali, na hakuna haja. Nenda kwenye shamba la migomba au kahawa, au kiwanja cha zamani chenye miti mikubwa, ambako nyasi hii ni kero. Omba kwa adabu.

"Shikamoo mama. Naomba haya majani yaliyo chini ya migomba."

"Marahaba. Hayo? Chukua yote mwanangu, yamenichosha."

Ndivyo inavyokuwa. Chagua mashina yenye afya, yasiyo na masuke yaliyokomaa ikiwezekana, na uyakate vipande vyenye vifundo 3 au 4 kila kimoja. Kama vifundo vimeshatoa mizizi, bora zaidi. Vifunge kwenye gunia lililolowa na uvipande siku hiyo au kesho yake asubuhi. Vikikaa juani nusu saa tu vimekwisha.

Mbegu siipendekezi. Kuzikusanya ni usumbufu kwa sababu ya ile gundi, na vipande hushika haraka.

Wauza maua wa mijini wakati mwingine wana aina yenye michirizi myeupe na waridi kwenye majani, iliyotundikwa kwenye vyungu. Ni Oplismenus pia. Inapendeza barazani, ila ardhini naipa imani ndogo: jani lenye sehemu nyeupe lina kijani pungufu cha kufanyia kazi, na kivulini kijani ndicho mtaji.

Hatua ya sita: andaa na upande

Panda mvua zikishashika. Kwenye maeneo ya misimu miwili, hiyo ni katikati ya masika au vuli ikishatulia. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Desemba hadi Januari.

Weka jembe pembeni. Chini ya mti mkubwa mizizi myembamba inayoulisha iko juujuu, na ukilima unaikata. Ondoa magugu kwa mkono, kusanya majani makavu mazito, kisha tandaza mboji iliyoiva, unene wa sentimita 3 hadi 5. Usiirundike kwenye shina la mti. Acha duara la wazi, kiasi cha urefu wa mkono kutoka kwenye gome, kwa sababu gome linalokaa kwenye unyevu huoza.

Toboa mashimo kwa kijiti. Laza kipande, fukia vifundo viwili, acha kimoja au viwili juu na majani yake, bonyeza udongo kwa vidole ili pasibaki hewa. Kati ya kipande na kipande acha sentimita 20. Kwa mita moja ya mraba hiyo ni vipande 25 hivi. Ukiwa na vingi, acha sentimita 15 na utafunika mapema. Anza upande wa nje wa kivuli, ambako mwanga ni mwingi, uende ukielekea ndani. Nyasi yenyewe itaendelea na safari kuelekea kwenye shina.

Mwagilia kila siku wiki mbili za kwanza kama mvua haikunyesha. Baadaye punguza, lakini usisahau kwamba mizizi ya nyasi hii ni mifupi na inagombania maji na mti. Wengi huona majani yamejikunja wakadhani kivuli kimezidi, kumbe ni kiu.

Kama mna kuku wa kienyeji, zungushia wavu mpaka mashina yashike. Kuku watachakura kazi yako yote asubuhi moja.

Hatua ya saba: kuitunza ikishashika

Haitaki mashine ya kukata nyasi. Ikifika juu kupita kiasi, ifyeke kwa mkasi wa bustani au fyekeo, ubakishe sentimita 8 hadi 10. Ukate pale masuke yanapoanza kutokeza, kabla hayajakomaa, kama una mbwa mwenye manyoya marefu au watoto wanaorudi ndani na soksi zimejaa vijipunje. Ukiacha yakomae, hakuna madhara mengine isipokuwa kufua. Mbuzi na sungura wanakula yaliyokatwa, ingawa si malisho ya kutegemea. Wingi wake ni mdogo.

Pale watu wanapopita kila siku, weka vipande vya mawe au zege vya kukanyagia. Shina la kutambaa likikanyagwa mara moja linanyanyuka, likikanyagwa kila siku linakufa, na njia itajichora yenyewe usipoichora wewe.

Majani ya mwembe na mfenesi ni mazito, hayaozi haraka, na yakirundikana yanaifunika nyasi kabisa. Reki nyepesi kila wiki inatosha. Majani madogo, mfano ya mkrismasi au mjohoro, yaache yaoze hapohapo.

Faida utaiona mvua kubwa ya kwanza. Watu hudhani mti unaukinga udongo na mvua, lakini matone yanayojikusanya kwenye ncha za majani ya mti huwa makubwa kuliko ya mvua yenyewe, na kutoka juu yanapiga ardhi kwa nguvu. Ndiyo sababu udongo mtupu chini ya mti mrefu huondoka na mizizi hubaki wazi. Nyasi fupi inayolitandika eneo hilo inalipokea tone kabla halijafika chini.

Ukiona majani yametafunwa pembeni, tafuta kiwavi kabla hujatafuta dawa. Vipepeo wa jenasi Bicyclus, wale wa kahawia wenye alama za macho kwenye mabawa wanaoruka chinichini msituni, hutaga kwenye nyasi za kivulini, Oplismenus ikiwemo. Hawaimalizi. Kupuliza sumu kwa ajili yao ni kutumia pesa vibaya.

Kuhusu kuisafirisha

Huku kwetu ni nyasi ya asili na miti, wadudu na nyasi nyingine zinaizoea. Kwingine hali si hiyo. Mwaka 1996 ndugu yake mwenye mawimbi, undulatifolius, alionekana kwenye hifadhi ya Patapsco Valley, jimbo la Maryland, Marekani, na tangu hapo imetanda kwenye sakafu za misitu ya huko, ikibebwa na viatu vya watembeaji na manyoya ya mbwa. Watu hujitolea kuing'oa kwa mkono. Kwa hiyo kama unasafiri kwenda kuwaona ndugu ughaibuni na ulipita msituni wiki ile, kagua kamba za viatu na pindo la suruali kabla ya kufunga begi, na usimpelekee mtu miche hata akikuomba vipi. Hata hapa nyumbani, ukipakana na mkulima wa kahawa, acha ukanda wa mita moja wazi mpakani na uufyeke, vinginevyo utasikia habari zako kwenye kikao cha mtaa.

Ukipanda sehemu isikamate baada ya msimu mzima, usirudie palepale kwa namna ileile. Rudi kwenye kile kipimo cha mkono saa sita mchana. Pakiwa na giza zito, punguza tawi. Kivuli kikiwa cha wastani na bado imekufa, chimbua kidogo uone unyevu: kama vidole vinarudi na vumbi, ongeza mboji, na upande tena mvua zikishika. Na kama hapo ndipo pikipiki inapoegeshwa, mwaga kokoto.